Mzigo wa Mlangoni

Kambini, 4 Machi

Kaka yangu,

Kabla hujauliza: mzima, nakula, nalala. Barua hii unaipata kwa mkono wa dereva wa saruji kwa sababu tangu mwezi uliopita simu zetu zote tunazikabidhi getini. Yeye analeta saruji ya kurefusha uwanja wetu wa ndege, na kila safari lazima apite kwenye mizani yako, kwa hiyo usihangaike na posta. Jibu mpe yeye. Nimemwahidi kwamba ukimkuta amezidisha mzigo hutamwonea, utamtoza tu kama wengine.

Jeshi linavunjwa na kuungwa upya, kaka. Vifaru vyote vimeegeshwa nyuma ya karakana na kufunikwa maturubai, na mafundi wake wanapita pale kama watu waliofiwa. Badala yake tumeletewa vigari vyepesi ambavyo ukikiegemea kimoja unaogopa utakibonyeza. Wakubwa wanasema tukiitwa tena ng'ambo ya bahari, hakuna kukaa siku arobaini na moja melini kama safari ile yako. Tunatakiwa tuwe angani ndani ya saa sabini na mbili. Kila kitu kinapimwa uzito: gari, sanduku, askari na begi lake. Alipopimwa mpishi mkuu, Koplo Spana aliuliza kama tumwandike kwenye orodha ya watu au ya mizigo mizito. Kicheko kilituponza, tulikimbizwa uwanja mara sita. Huyo Spana ndiye msaidizi wangu. Mdomo anao, lakini fundo akilifunga yeye halifunguki.

Mimi nimepewa upakiaji. Ndiyo, kitengo chako kile kile, hata meza ni ile yenye mikwaruzo ya rula yako.

Sasa kaa chini. Kamanda wa kikosi kipya ni yeye, Bwana Viti, mkubwa wako wa ile safari ya meli.

Alikuja Jumatatu kutukagua. Alipofika kwangu akasoma jina kifuani, na jina hilo ni lako pia, kisha akasema, "Karibu kazini, sajini." Hivyo tu. Amenenepa. Ana nyota nyingine begani. Mkono wangu ulimpigia saluti.

Miaka saba nimemngoja mtu huyu, nikidhani nitamkuta mtaani kazeeka na mimi nimekosa la kumfanya. Kumbe ameletwa mpaka mezani kwangu. Atalipa, kaka. Sijui bado ni kwa njia gani, lakini atalipa.

Mdogo wako,
Kufuli

*

Mizanini, 11 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako niliisoma lori la mahindi likiwa juu ya mizani na dereva wake anapiga honi kama amechanganyikiwa. Mama hajambo huku nyumbani, nyuma ya mizani. Goti bado linamsumbua lakini mdomo hausumbuki, jana kamfukuza muuza sabuni kwa maneno matatu.

Nakuomba jambo moja. Achana na yule mtu. Hakunitenda kama unavyofikiri. Nilishasema zamani, nasema tena.

Fanya kazi yako uifanye vizuri. Usiamini uzito ulioandikwa na kiwanda, pima mwenyewe kila gari, tafuta katikati ya uzito wake na upige alama ya chaki ubavuni, ndege isije ikainama mkia. Kitakachotakiwa kwanza mkishuka ndicho cha mwisho kupakia. Maji na dawa ni vya mlangoni. Mambo mengine yote yanaweza kungoja, hayo mawili hayangoji. Ningependa ulishike hilo kuliko hasira.

Na huyo Spana mpe glovu nzuri. Wafunga kamba hodari huwa hawajali vidole vyao.

Kaka yako

*

Kambini, 19 Machi

Kaka,

"Hakunitenda kama unavyofikiri." Barua yako nimeisoma mara nne na kila mara nimefika hapo nikataka kuichana. Wewe ni mtu mwema mno, na wema wako umetufikisha tulipo. Unataka nisahau? Basi ngoja nikukumbushe mimi.

Meli ilipakiwa chini ya mkono wako, wewe Rula, mtu ambaye alikuwa akipima hata nafasi kati ya kijiko na sahani. Halafu kule ng'ambo wakafungua tumbo la meli, wakakuta nini mlangoni? Kontena la ofisi yake. Viti sita vya ngozi, kochi, jokofu na jenereta ya kulipozea. Mashine ya kusafisha maji ilikuwa chini kabisa, na bandari ile haikuwa na winchi ya kufaa. Siku tatu! Watu wakanywa maji ya mfereji. Kumi na tisa walilazwa. Wawili hawakurudi.

Kwenye baraza la uchunguzi akasimama amenyoosha suruali, akaapa kwamba hakutoa amri yoyote kuhusu kontena lile. Na wewe ukasema nini? "Sina la kusema." Nilikuwa nimekaa safu ya tatu. Nilitaka kukurushia kiatu.

Halafu siku ya paredi. Mama aliletewa kadi ya mwaliko kama familia nyingine, akadhani unapandishwa cheo. Alivaa nguo yake ya kuendea harusi za watu. Alikuwa anawaambia wanawake wa benchi la mbele, "Huyo wa kulia ni wangu," pale pale mkasi ulipopita kwenye tepe zako za cheo. Najua unajua kwamba lile koti lako la jeshi analo. Lakini je, unajua kwamba zile tepe alizishona upya kwa mkono na koti linaning'inia nyuma ya mlango wake mpaka leo, nyuzi zikilegea anazikaza? Halafu unaniambia niachane naye.

Kosa lako lilikuwa moja tu, uliuamini mdomo wake. Alikuamuru bila karatasi na ukatii. Mimi sitii mdomo. Kuanzia leo sanduku halisogei hapa bila saini yake. Nitamwandikia, atajibu, nitahifadhi. Aliyezoea viti ataviulizia tu, na siku atakapoandika kwa mkono wake "wekeni ofisi yangu mlangoni", karatasi hiyo itafika kwa Waziri kabla wino haujakauka.

Glovu Spana nimempa. Anazivaa kulia chakula.

Kufuli

*

KITENGO CHA UPAKIAJI
Kumb. Na. UPK/17
26 Machi

Kamanda wa Kikosi cha Haraka

YAH: MAHALI PA OFISI YA KAMANDA NDANI YA NDEGE

Tafadhali husika na mada tajwa hapo juu.

Kitengo kinaandaa mpango wa upakiaji kwa ajili ya Jaribio Kuu la tarehe 16 Aprili. Kontena la ofisi yako, pamoja na samani zake, lina kilo elfu mbili mia nne na kumi, na linaweza kuwekwa mlangoni ili uanze kazi mara tu baada ya kutua.

Naomba maelekezo yako kwa maandishi.

Sajini, Mkuu wa Upakiaji

*

OFISI YA KAMANDA
28 Machi

Sajini,

Hapana. Maji na dawa mlangoni, ndege zote, siku zote. Ofisi yangu ipakiwe ndani kabisa, na nafasi ikibana ibaki. Nitakaa juu ya sanduku.

Usiniulize tena jambo hili.

Kamanda

*

Kambini, 2 Aprili

Kaka,

Amejifunza!

Nimekunakilia jibu lake, soma mwenyewe. Maji na dawa mlangoni, siku zote. Hayo ni maneno yako, kaka! Kakaa miaka saba na somo lililogharimu tepe zako na kulitia mfukoni kama lake, na sasa anatufundisha sisi. Atakaa juu ya sanduku, mtakatifu wa watu. Vijana wanampenda. Spana naye eti, "Afande, mzee huyu ana utu." Nilimwambia akapige hesabu ya nyavu za kufungia mizigo na aniache.

Nilidhani nitafurahi nikimkuta mbaya. Sikujiandaa kumkuta amekuwa mzuri. Mtu anaharibu maisha ya mwenzake, kisha anatubu peke yake ofisini na hesabu imekwisha? Hakuja kwa Mama. Hakukuandikia hata mstari. Mimi nimelia kwa hasira nyuma ya chaga za mbao za kuwekea mizigo, kama mtoto aliyenyimwa.

Basi nimeamua, na usinizuie. Kama hatoi amri mwenyewe, nitamtolea. Tarehe 16 Waziri atakuja na wageni wake. Mlango wa ndege ya kwanza utafunguliwa mbele yao, daktari atapewa dakika ishirini aweke kitanda cha mgonjwa tayari. Na watakachokikuta mlangoni ni kontena la ofisi, viti vyote sita. Wakiniuliza nitasema alibadilisha kwa mdomo dakika ya mwisho. Ataapa kwamba hakutoa amri yoyote, na safari hii atakayesimama bila wa kumwamini ni yeye. Nani hamjui Bwana Viti?

Hakuna atakayeumia, ni jaribio tu. Watakunywa soda na kurudi makwao, na yeye ataondoka na nyota zake kwenye bahasha.

Mwambie Mama aandae koti.

Kufuli

*

Mizanini, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia leo asubuhi. Dereva anasema alilala na lori bovu siku sita njiani. Naandika akiwa anakula, lakini ananiambia harudi kwenu kabla ya tarehe 18, saruji imekwisha kiwandani. Nimepiga simu getini kwenu mara tatu. Wanasema niache ujumbe. Ujumbe huu hauachwi kwa mlinzi.

Usifanye hivyo. Hakukuwa na amri.

Sikuwa namlinda, sikuwa mwema, na sikuwa namwogopa. Hakunituma. Kontena lile nililiweka mlangoni mimi mwenyewe.

Ilikuwa mwezi wa kupandishwa vyeo. Nilikuwa nimepitwa mara mbili. Nilimsikia akimlalamikia daktari kwamba safari iliyopita alifanya kazi wiki nzima juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikasema moyoni, hapa ndipo pangu. Nilikuwa najua kanuni, mimi ndiye niliyewafundisha wengine. Nikapiga hesabu kwamba bandari ya kule itakuwa na winchi, kwa hiyo maji yatafikiwa ndani ya saa mbili, na yeye atakuta viti vyake. Nikamwendea gatini, kando ya meli, nikamwambia, "Nimekuwekea ofisi mlangoni, afande." Akanishika bega. Hakusema kitu. Alinishika bega tu, akatabasamu, akaenda zake.

Ndiyo maana barazani nilisema sina la kusema. Ningesema nini? Aliposema hakutoa amri, alisema kweli. Kuhusu bega, ni yeye na mimi tu tunaojua.

Nilipofika nyumbani nilikukuta umeshaamua ni kosa lake. Mama naye. Mlinipokea kama mtu aliyeonewa, mkanipikia, mkanitandikia kitanda. Nilisema nitawaambia kesho. Halafu Mama akazishona zile tepe, na baada ya hapo kila kesho ikawa nzito zaidi.

Ningeweza kupanda basi nije hadi getini nikuite. Nimelifikiria tangu asubuhi. Ni saa tisa za njiani na siku sita bado zipo. Lakini getini pale wananijua. Nitaandika tena barua hii niitupe posta pia, labda itapita.

Nisamehe, na usifanye.

Kaka yako

*

Kambini, 17 Aprili

Kaka,

Sijapata neno kutoka kwako. Labda umekasirika. Naandika ingawa dereva hayupo, kwa sababu nisipoandika nitaongea na ukuta.

Nilipakia kama nilivyosema. Jana saa nne asubuhi ndege ya kwanza ilikuwa tayari, maji na dawa ndani kabisa, ofisi mlangoni, minyororo imekazwa. Spana alisimama akatazama, akakuna kichwa. "Afande, una hakika? Karatasi inasema kinyume." Nikamwambia, "Ni amri ya mkubwa, ya mdomo." Akasema, "Ah, basi sawa," akafunga nyavu. Hakuuliza tena. Ananiamini, kaka.

Tulikuwa tumejipanga kumngoja Waziri. Badala ya Waziri kikalia king'ora. Tukadhani ni sehemu ya jaribio, Spana akasema labda mpishi kaanguka. Kumbe si jaribio. Kuna mapigano yamezuka ng'ambo, watu wetu mia tatu wamekwama kwenye uwanja wa ndege wa kule, na kikosi pekee kilichokuwa kimepakiwa na kujazwa mafuta kilikuwa sisi. Wakubwa walikuwa wanapeana mikono kwa furaha, eti mageuzi yamezaa matunda. Ndege iondoke ndani ya saa mbili.

Saa mbili. Kupakua na kupakia upya kunataka tano. Nilisimama chini ya bawa nikiwa na karatasi yake mfukoni, ile ya maji na dawa. Alipita mbele yangu mara mbili, na mara ya pili akaniuliza, "Mzigo uko sawa, sajini?" Ningesema hapana, wangechelewa, na mimi ningeondoka pale na pingu. Nikasema, "Uko sawa, afande."

Akasema, "Vizuri," akapanda kwa mlango wa mbele. Ule wa mzigo ulikuwa umeshafungwa. Spana akapanda naye, yeye ndiye wa kupakua kule. Alinipungia zile glovu.

Nimejiambia wataitoa haraka. Nimejiambia kule kuna foklifti. Tangu jana najiambia.

Kufuli

*

Ng'ambo, 29 Aprili

Sajini,

Barua hii si ya kiofisi, haina kumbukumbu namba na huna haja ya kuihifadhi, ingawa najua unapenda kuhifadhi.

Tulitua, tukafungua mlango, nikaiona ofisi yangu. Nilielewa palepale. Nilikuwa nimekuona unavyoniangalia tangu siku ya kwanza, na jina lako nalijua.

Uwanja ulikuwa na foklifti moja, haina tairi. Tulilazimika kulivuta kontena kwa minyororo na gari. Koplo wako alikuwa ameshika mnyororo wa kushoto. Kontena liliteleza kwenye mteremko wa mlango likambana mguu. Daktari alikuwa hapo hapo, hatua kumi. Masanduku yake yalikuwa nyuma ya vigari vinne. Aliyafikia baada ya saa nne na nusu. Anasema yangefikiwa katika saa ya kwanza, mguu ungebaki. Umekatwa juu ya goti.

Raia mia tatu tuliwatoa. Magazeti yatasema tulifaulu.

Leo nimetuma taarifa yangu makao makuu. Nimeandika kwamba nilibadilisha mpango wa upakiaji kwa mdomo, dakika za mwisho, ili ofisi yangu iwe mlangoni. Kwamba wewe ulipinga na mimi nikakulazimisha. Nimesaini. Nitakuwa raia kabla ya mwezi ujao kuisha. Nimependekeza pia upandishwe cheo uwe sajinitaji, kwa uaminifu wako kwa kanuni.

Usidhani ni huruma. Kaka yako aliponiambia gatini amenipakilia ofisi mlangoni, nilipaswa kumwambia aitoe. Nilimshika bega. Barazani nilisema sikutoa amri, na ilikuwa kweli, na nimeishi ndani ya ukweli huo miaka saba. Sijui kama amewahi kukueleza. Nadhani hajakueleza, maana ungenichukia kwa sababu iliyo sahihi. Sasa nimelipa changu, ingawa nimelipia uongo wako.

Na wewe nakuachia kazi yako. Kila asubuhi utaingia kwenye kile kitengo na tepe mpya, utafunga masanduku, na vijana watakusalimu. Ningekupeleka mahakamani ungekaa miaka miwili ukatoka umemaliza. Adhabu hii ninayokupa mimi haina mwisho, na nilifikiri kwa makini kabla ya kuichagua.

Koplo anarudi kwa ndege ya Jumanne. Nimeagiza umpokee wewe.

Aliyekuwa kamanda wako

*

Kambini, 6 Mei

Kaka,

Zimekuja zote ndani ya wiki mbili. Barua yako ya tarehe 10 dereva aliileta tarehe 20, ile ya posta ilitoka getini tarehe 25 imefunguliwa na kugandishwa upya, na ya Kamanda nilipewa juzi. Nimezipanga mezani kwa tarehe, pale kwenye mikwaruzo ya rula yako, nikasoma kama mtu anayekagua orodha.

Jumanne nilimpokea Spana. Walimteremsha kwa machela, shuka likiwa limelala upande mmoja. Alinipigia saluti akiwa amelala. Unajua alisema nini? "Afande, usiwe na wasiwasi. Waliniuliza sana. Nimewaambia wote kwamba ni amri ya mkubwa, uliniambia mwenyewe. Hawakugusi." Kisha akaniambia sasa ana mguu mmoja, kwa hiyo atapungua uzito na tutamruhusu begi kubwa zaidi. Wabebaji walicheka. Alinitazama aone kama na mimi nitacheka.

Nimekuwa nikimchukia mtu mmoja kwa miaka saba, na nilikuwa hodari wa kuchukia, nilifunga chuki yangu vizuri na kuipigia alama ya chaki. Nilikuwa sijui tu ni mzigo wa nani. Ulikuwa wako. Ulikuwa na siku sita na nauli ya basi, ukaona aibu ya walinzi wa getini. Mguu wa Spana una thamani gani kwako, kaka, ukilinganisha na walinzi wawili kukutazama? Pima, wewe ni mtu wa mizani.

Nakala ya barua niliyoipeleka makao makuu leo asubuhi ni hii:

"YAH: TAARIFA YA UPAKIAJI WA TAREHE 16 APRILI. Hakukuwa na amri ya mdomo. Amri iliyokuwepo ni ya maandishi, ya tarehe 28 Machi, nimeiambatanisha. Ofisi ya Kamanda niliiweka mlangoni mimi, kwa kukusudia, ili aonekane amekosa. Aliponiuliza kama mzigo uko sawa, nilisema uko sawa. Koplo msaidizi wangu alidanganywa na mimi. Sina ombi."

Kabla ya kuipeleka nilimsomea Spana kitandani kwake. Aliomba nimgeuzie uso upande wa dirisha, nikamgeuza, nikaondoka. Hajataka kuniona tena, na sina wa kumlaumu.

Wataniita wakati wowote. Watakata tepe, na kuna jela nyuma yake. Nimeomba familia isipelekewe kadi.

Yule mtu alitaka nibaki hapa nikifunga masanduku milele na kuijua siri hii peke yangu. Hatapata hilo. Na wewe ulitaka ubaki mtu aliyeonewa mpaka Mama afe. Nawe hutapata.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ya pili. Ni tupu. Ni ya kwako. Andika uliyoniandikia mimi tarehe 10: mwezi wa vyeo, ndoo iliyopinduliwa, winchi uliyoibahatisha, na bega. Watu wawili hawakurudi, na ndugu zao wanamlaani mtu mmoja, Bwana Viti, badala ya wawili. Ukimaliza usimpe dereva kwanza. Ingia ndani umsomee Mama, ukiwa umesimama karibu na mlango wenye koti. Kisha saini.

Dereva nimemwambia asishushe lori kwenye mizani yako mpaka umpe karatasi hiyo imeandikwa. Wenye malori nyuma yake watapiga honi. Waache wapige.

Kufuli